Nywele za Jumapili

Umeme ulikatika wakati ambao Bibie hakutaka kabisa ukatike. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha saluni, kichwa kimelowa chepechepe, taulo mabegani, anasubiri zamu yake ya drai la kukaushia nywele. Jumamosi hiyo saluni ilijaa mpaka wengine wamekaa kwenye ngazi ya mlangoni. Mara drai la katikati likatoa cheche, likanuka plastiki iliyoungua, na kila kitu kikanyamaza kwa pamoja: feni, redio, hata akina mama waliokuwa wanapiga soga.

"Hili drai nimelisema mpaka nimechoka," alisema Msusi, mwenye saluni, mama mnene mwenye mikono laini na ulimi usiochuja. "Tulieni. Fundi yuko jengo la pili, nampigia sasa hivi."

Kwa mwanamke mwingine lingekuwa jambo dogo. Kwa Bibie lilikuwa balaa, na acha nikwambie kwa nini. Nywele zikilowa hazifichi kitu. Zikiwa kavu, zikichanwa kwa ujanja na kufunikwa na wigi zuri, Bibie alipita mjini kama watu wengine. Zikilowa zinalala, na hapo ndipo ngozi inapoonekana mbele juu ya paji la uso, kwenye panja zote mbili, na utosini, mahali pa ukubwa wa kiganja cha mtoto ambapo nywele zilikuwa zimebaki za kuhesabu. Ndiyo maana siku zote alikuja mapema, akakaa kiti cha mwisho kilichogeukia ukuta, akaoshwa, akakaushwa, akavaa wigi lake na kuondoka kabla watu hawajajaa. Siku hiyo mwenzake wa zamu kwenye duka la dawa alichelewa, na yeye akachelewa, na sasa ndiyo hivyo tena.

Fundi aliingia na mkoba wa vifaa begani. Mwanamume wa makamo, mrefu, shati la kijivu limenyooshwa vizuri, kichwa kipara kinang'aa bila aibu yoyote. Dunia hii nayo ina mambo yake. Mwanamume nywele zikimwisha, watu wanamwita mheshimiwa. Mwanamke zikimpungua kidogo tu, anaulizwa anaumwa nini.

"Habari zenu akina mama," alisema. "Mgonjwa wangu yuko wapi?"

Bibie alishtuka. Sauti ile hakuwa ameisikia kwa miaka ishirini na ushei, lakini kuna sauti ambazo mtu hazisahau hata akitaka. Hakufikiri mara mbili. Alivuta taulo kutoka mabegani, akajifunika kichwa na uso wote, akakaa kimya akiomba mtu yule afanye kazi yake aende zake.

Lakini drai bovu lilikuwa ubavuni mwake.

"Samahani mama, naomba usogee kidogo. Waya umepita chini ya kiti chako."

Bibie akasogea bila kusema neno.

"Asante. Unajisikia vibaya?"

"Hapana."

Neno moja tu. Bisibisi ikasimama hewani. "Hebu sema tena," alisema Fundi.

"Niseme nini?"

"Chochote."

"Fundi," Msusi akadakia, "kibovu hapo ni drai, si mteja wangu."

Fundi hakumsikia. Alichutama mbele ya kiti. "Bibie," alisema, na wala hakuwa anauliza.

"Umekosea mtu."

"Sijakosea. Mtu anayesema hapana kama anafunga mlango ninamjua mmoja tu. Toa taulo nikuone."

"Sitoi."

"Haya, basi nitazungumza na taulo. Taulo, hujambo?"

Saluni nzima ikacheka. Bibie naye, huko gizani alikojificha, akajikuta anacheka. "Sijambo," alisema.

"Taulo limeolewa?"

"Liliolewa. Likaachika."

"Pole. Mimi mke wangu alifariki. Nina binti mmoja tu, mkubwa, anajitegemea. Taulo lina namba ya simu?"

Akina mama wakaanza kumsaidia kuomba. "Mpe, mwenzetu." "Mpe bwana, sisi tunataka umeme." Bibie akaisema namba harakaharaka, kusudi yule mtu amalize aondoke. Na kweli alimaliza, drai likanguruma, redio ikaendelea pale ilipoachia. Mlangoni akageuka, akaaga: "Kwaheri, taulo."

Ilipothibitika ameondoka ndipo Bibie alipojifunua. Macho yake yalikuwa mekundu. Msusi alimtazama kwenye kioo, akataka kusema kitu, akakimeza. Kwa Msusi hilo ni jambo la nadra.

Sasa lazima nikurudishe nyuma, la sivyo hutaelewa kwa nini mwanamke mzima alijifunika taulo.

Zamani hizo Bibie alikuwa binti wa nywele. Hakuna namna nyingine ya kumweleza. Nywele nene, nyeusi, ndefu, ambazo kitana kilivunjika meno ndani yake. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, Dada yake mkubwa alimketisha kwenye mkeka kwenye baraza ya nyuma, akamweka katikati ya magoti yake, akaanza kumsuka. Redio ilikuwa dirishani. Kijana mmoja aliyepanga chumba jirani, mwanafunzi wa ufundi wa umeme, alikuja siku moja kuitengeneza ile redio, na Jumapili iliyofuata akaja kuangalia kama bado inaongea. Baada ya hapo hakutafuta kisingizio tena. Alikaa kwenye kigoda, anashika kopo la mafuta, anampa Dada kitana, anapasua vichekesho. Bibie alimsikia zaidi ya alivyomwona, maana alikuwa amegeukia upande wa pili, kichwa kimeinamishwa, na akijaribu kugeuka Dada anamgonga kidogo kwa kitana. Lakini alimpenda. Alimpenda kwa kisogo, ukitaka kusema hivyo.

Kisha kijana akapata kazi kwenye kampuni ya kusimamisha nguzo za umeme, mbali sana. Aliahidi kurudi mvua zikiisha. Mvua ziliisha, zikaja nyingine, na enzi hizo simu hazikuwa mifukoni mwa watu. Aliporudi, Bibie alikuwa ameshaolewa. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Mambo yaliharibika yenyewe tu, kama yanavyoharibika.

Nywele nazo zilianza kwenda polepole. Kwanza panja, kisha mbele, kisha utosini. Siku moja kwenye sherehe, mbele ya wageni, mume wake aliyekuwa na glasi mkononi akasema kwamba mke wake ana kiwanja cha ndege kichwani. Watu wakacheka, na Bibie akacheka nao, kwa sababu angefanya nini. Ndoa ile ilivunjika kwa mengine, ila ukimuuliza Bibie iliisha lini, atakwambia iliisha siku hiyo. Toka hapo hakuna mwanamume aliyemwona kichwa wazi. Nje ya saluni, Dada ndiye peke yake aliyekishika, na Dada naye akafariki.

Basi jioni ya siku ile ya saluni simu ikaita.

"Taulo limekauka?" sauti ikauliza.

"Limekauka. Unataka nini?"

"Nataka kusikia hapana nyingine. Zile za zamani zimeniishia."

Basi ikawa ndiyo desturi. Bibie akifunga duka la dawa, akipanga chupa zake na kuzima taa, simu inaita. Wanaongea njia nzima mpaka kwake, na akifika anaendelea, viatu mkononi, sufuria jikoni linaungua. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, na alikuwa anachekacheka peke yake barabarani, watu wanampisha.

"Umekula, mpenzi?"

"Nani mpenzi wako?"

"Huyo anayechelewa kukata simu."

Kulikuwa na mwiba mmoja tu. Kila mara Fundi alirudi kwenye zile nywele. "Unakumbuka Dada alivyokuwa anazifumua? Zilikuwa zinakufika hapa, Bibie. Na ile harufu ya mafuta. Mimi nikifumba macho naziona." Na kila akisema hivyo, Bibie mkono wake unakwenda wenyewe kichwani. Alijiambia: huyu anampenda msichana wa barazani, na msichana wa barazani hayupo.

Walipoanza kuonana alivaa wigi, la gharama, linaloanguka mabegani. Walikunywa juisi, walitembea kwenye bustani ya mjini, na upepo haukuwa na huruma. Mkono mmoja wa Bibie ulishika mkoba, wa pili ulishika wigi. Wa kushikwa na Fundi haukuwepo. Fundi mwenyewe alijaribu kuushika mara mbili, akaona hapati nafasi, akaweka mikono mifukoni.

Kisha siku moja akasema kwenye simu, bila mzaha: "Jumamosi nataka tule chakula cha mchana, ule mgahawa wa ghorofani. Nina neno nataka kukuuliza."

"Uliza sasa."

"Haliulizwi kwenye simu."

Bibie alilielewa. Na badala ya kufurahi, akashikwa na hofu. Wigi si kitu cha kuishi nacho na mume. Mume utalala naye, utaamka naye. Akili yake ikamtuma kwa Msusi.

"Nisuke," alisema. "Mistari, na rasta za kuongezea, ndefu mpaka mgongoni. Kaza kabisa, zionekane zimetoka kichwani kwangu."

Msusi alimgawanyagawanya nywele kwa ncha ya kitana, akaangalia, akakiweka kitana mezani. "Kichwa hiki sikisuki."

"Nitakulipa."

"Najua utanilipa. Sikisuki. Nywele zako za mbele zimechoka kuvutwa. Ukisukia rasta nzito hapa, utaondoka na rasta na nywele pamoja. Sikiliza, mama. Nikate fupi. Juu niache wingi kidogo, pembeni nipunguze ishuke taratibu. Njia ya kugawa nywele nisiiweke katikati, maana katikati ndipo inapoonyesha, niisogeze huku kushoto, nilaze nywele zije mbele kufunika panja. Kisha mawimbi laini, na rangi ya kahawia inayokaribia ngozi yako. Mtu atakuangalia hatajua pa kuanzia."

"Fupi hapana. Yeye ananikumbuka na nywele."

"Waliokuvuta hivi toka utotoni ndio..."

"Aliyenisuka ni dada yangu," Bibie akamkata. Damu ilikuwa imemchemka. "Dada yangu hakunidhuru. Usimtie Dada mdomoni mwako."

"Sijasema alikutakia mabaya. Sote tulisukwa hivyo. Siku zile msuko mzuri ulikuwa ule unaouma."

Lakini Bibie alishachukua mkoba wake. Alivuka barabara akaingia saluni nyingine, ya wasichana wasiouliza maswali, na hilo ndilo kosa lenyewe. Wawili walimshika, mmoja upande huu, mwingine upande ule, wakamkaza mpaka nyusi zikapanda. Alipojitazama kwenye kioo alikuwa na mistari myembamba, safi kabisa, na rasta zinazofika kiunoni. Ukimwangalia kwa nyuma, ni yule wa barazani. Kwa mbele alikuwa na sura ya mtu aliyeshtuka.

Jumamosi ilipofika kichwa kilikuwa cha moto na vipele vimetoka kwenye panja. Alivaa gauni la zambarau lililomkaa vizuri, hereni ndogo, viatu vya kisigino kifupi. Fundi alikuwa amevaa koti, amenyoa ndevu mpaka amejikata kidogo kidevuni. Alisimama alipomwona.

"Umependeza sana," alisema.

Bibie alitaka kutabasamu. Alituma tabasamu kutoka moyoni, halikufika. Ngozi ya uso ilikuwa imevutwa kama ya ngoma, na alipojaribu kunyanyua mashavu, maumivu yalimpiga kwenye panja mpaka nyuma ya sikio. Akaishia kusema, "Asante," kwa midomo iliyobana.

Fundi akapasua kichekesho. Bibie hakucheka. Akapasua kingine, kizuri kuliko cha kwanza, akaambulia macho makavu. Kuku aliletwa. Kutafuna kukamshinda, maana kila akitafuna panja zinacheza, akaisukuma sahani pembeni.

"Chakula kibaya?"

"Kizuri."

"Nimekuudhi?"

"Hapana." Na safari hii ile hapana ilifunga mlango kwelikweli.

Masikini Fundi alijikaza. Aliweka mkono wake juu ya mkono wa Bibie. "Bibie, nimekaa peke yangu muda mrefu. Sisi si watoto. Nilitaka kukuuliza kama..." Na hapo, katika dakika ile ile, kichwa kilimkaba Bibie vibaya, na chozi likamtoka, likashuka mpaka kidevuni. Fundi akaona uso mgumu, usiocheka, na chozi juu yake. Akautoa mkono wake.

"Basi," alisema taratibu. "Tusiharibu chakula."

Bibie aliona macho ya Fundi yanapanda kwenye paji la uso wake, yanatulia pale kwenye vipele, kisha yanakwenda dirishani. Akajua ameonekana. Mchana ule, pale ghorofani, mwanga wote unaingia, nani asingeona? Waliongea habari za hali ya hewa mpaka bili ikaja. Fundi alimsindikiza hadi kwenye teksi, akamfungulia mlango kwa heshima zote, na ile heshima ndiyo iliyomuumiza Bibie kuliko yote.

Simu ikanyamaza. Jioni ya kwanza Bibie alitembea njia nzima ameishika mkononi. Siku zilizofuata aliiweka chini kabisa ya mkoba, kusudi asiione. Kumpigia hakuthubutu. Angesema nini? Nyumbani alikaa na maumivu yake, akaziacha zile rasta kichwani makusudi, kama mtu anayejiadhibu, mpaka asubuhi moja akashindwa kulaza kichwa upande wowote. Akameza kiburi, akarudi kwa Msusi.

Msusi hakumsema. Alifunga mlango wa saluni, akageuza kibao, akamketisha kile kiti cha mwisho. Alizifumua rasta moja moja, anapaka mafuta, anasubiri, anavuta kwa upole. Nyingine zilitoka na nywele zake. Msusi aliziweka kwenye sahani ndogo, hakuzitupa mbele yake.

Bibie alilia. Alilia kwa sauti, kwa ajili ya nywele, na kwa ajili ya Dada aliyekwenda na mikono yake, na kwa ajili ya zile Jumapili ambazo hakujua kama zina mwisho. Msusi alimwacha alie akaendelea na kazi.

Alipomaliza kulia alisema, "Kata."

Mkasi ukafanya kazi muda mrefu. Ikafuata rangi, ikafuata maji, zikafuata rola ndogondogo. Bibie alipofumbua macho, kwenye kioo kulikuwa na mwanamke asiyemjua vizuri: nywele fupi za kahawia, zimelala kwa mawimbi kutoka kushoto, zimeshuka kidogo kwenye paji la uso na kugusa panja. Shingo ilionekana, shingo ndefu aliyokuwa ameisahau. Utosini, ukiangalia sana, ungeona bado pamepungua, na ukiangalia kawaida unaona mwanamke mzuri.

"Hazijaongezeka hata moja," Msusi alisema. "Zimepangwa tu mahali zinapofaa. Na usizivute tena." Kisha akashindwa kujizuia, maana ulimi wake ni ulimi wake. "Yule Fundi wako alikuja kuangalia drai. Drai zima kabisa, halina hata homa. Akaniuliza kama una mtu mwingine."

Bibie akageuka na kiti chake. "Mimi?"

"Anasema alitaka kukuposa, ukanuna toka mwanzo, na alipofungua mdomo ukalia. Anasema hataki kumlazimisha mtu. Sasa hata kuongea vizuri hawezi, amekonda huyo."

"Alidhani namlilia yeye?"

"Ulikuwa unalilia nini?"

"Rasta," Bibie alisema. "Zilikuwa zinauma. Uso ulikuwa haufunguki."

Msusi alimtazama. Bibie akamtazama Msusi. Ndipo kicheko kikawashika wote wawili, cha kushika mbavu, na Bibie akagundua uso wake unacheka bila kumuuma. Aliacha kucheka ghafla. Akainuka, akavua kitambaa cha mabegani.

"Wigi lako," Msusi alimkumbusha.

"Litunze."

Kutoka saluni mpaka karakana ya Fundi ni mwendo mfupi, lakini Bibie alitembea kama aliyetoka bila nguo. Upepo ulimgusa ngozi ya kichwa. Aliona watu wote wanamwangalia, na kumbe kila mtu alikuwa na shida zake. Kama ni kukataliwa, alijiambia, nikataliwe mimi, si wigi langu.

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu. Mafeni yaliyofunguliwa yamening'inia ukutani, makopo ya skrubu yamepangwa kwenye rafu, birika la umeme lisilo na mfuniko liko mezani. Fundi alikuwa ameinama juu ya mota ya feni, anazungusha waya wa shaba. Aliinua kichwa.

Bibie hakumpa nafasi ya kusalimia. Alisimama chini ya taa, akainamisha kichwa. "Tazama vizuri," alisema. "Hapa, na hapa, na hapa juu. Zile nywele unazonitajia kila jioni hazipo, na hazirudi. Zilizokuwa kwenye wigi ni za mtu mwingine, na zile rasta ndizo zilizoniliza, wala si wewe. Kama ulikuja kutafuta nywele, useme sasa hivi niende nikafungue duka."

Fundi aliweka waya chini. Alimsubiri Bibie ainue macho.

"Kumbe ndiyo hayo," alisema. "Na mimi silali."

"Jibu."

"Bibie, unajua kwa nini nazitaja zile nywele?"

"Kwa sababu zilikuwa nzuri."

"Zilikuwa nzuri, sikatai. Lakini baba yako alikuwa haniruhusu hata kusimama na wewe getini. Mahali pekee nilipoweza kukaa karibu yako bila kufukuzwa ni pale Dada anapokusuka. Mimi sina kumbukumbu nyingine yako, mama. Ningetaja nini? Wengine wana barua, wana picha, wana matembezi. Mimi nina kisogo chako na kopo la mafuta."

Bibie alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya boksi la televisheni ya mtu.

"Na kuna jambo hulijui," Fundi akaendelea, sauti imeshuka. "Dada alinikataza kukwambia. Alikuwa anakufumua."

"Kunifumua vipi?"

"Akimaliza upande mmoja, mzuri kabisa, umenyooka, anasema, huu umepinda. Anaufumua, anaanza upya. Haukuwa umepinda hata siku moja. Ananitazama juu ya kichwa chako, anakonyeza jicho. Alikuwa anajua nikiondoka pale sitakuona mpaka Jumapili nyingine. Kazi ya saa mbili alikuwa anaipeleka mpaka jua linazama, na yeye vidole vimemvimba."

Bibie alijikuta ameshika mdomo. Miaka yote ile, kimoyomoyo, alimlaumu Dada kwa kupenda makuu, kwa kumvuta na kumfumua na kumvuta tena. Alikumbuka shingo ilivyokuwa inamuuma, na jinsi alivyokuwa ananung'unika, na Dada anamwambia tulia, urembo hauna haraka. Basi ile mikono iliyomvuta nywele mpaka zikachoka, ndiyo ile ile iliyokuwa inamtafutia dakika za kupendwa. Msusi alisema kweli, na yeye Bibie alisema kweli pia. Machozi yalimtoka, na safari hii Fundi hakuyaogopa. Alivuta kigoda akakaa mbele yake.

"Shingo iliniuma mwaka mzima kwa ajili yako," Bibie alisema.

"Pole sana."

"Angeniambia, ningetulia."

"Ungegeuka kunitazama. Halafu baba yako angejua."

Bibie akacheka ndani ya kilio, akajifuta uso kwa kiganja. Nje gari lilipiga honi, mteja mmoja akachungulia mlangoni, akaona mambo ya ndani si ya mafeni, akaondoka.

"Kule ghorofani ulitaka kuniuliza nini?" Bibie alisema.

"Nikiuliza utalia?"

"Naweza nikalia. Wewe uliza."

"Nataka tuishi pamoja, tuzeeke pamoja, kila mtu na kichwa chake. Unanikubali?"

"Ndiyo," alisema Bibie, na hakuliongezea kitu.

Fundi alijifuta mkono kwenye suruali, mara mbili, kwa kuwa ulikuwa na grisi. Akaunyoosha, akasita. "Naweza?"

Bibie aliinamisha kichwa. Mkono ulitua utosini, pale pale palipopungua, mahali ambapo tangu Dada afariki hakuna mtu aliyepashika kwa mapenzi. Ulikuwa mzito kidogo na wa moto. Bibie alifumba macho, akasubiri aibu ije, aibu haikuja, na akamwacha aendelee.